Maini ya Kijibwa

Dagaa wa Karema alivyojaribu kukilisha kijibwa walikuwa na chumvi mno, na jana kipande cha nyama kilikipalia kijibwa nusura kife. Leo Nyamizi alichemsha maini, akayakata madogo kama punje za mahindi.

"Kaa," alisema.

Kijibwa, ambacho kilikuwa kidogo kuliko kiatu cha Nyamizi, kikakaa. Akakipa kipande kimoja, akasubiri kimeze, ndipo akachukua kingine.

Mama yake alikuwa akitazama kutoka kwenye mkeka. Tangu atoke hospitali alikuwa akigeuza uso kila akilishwa, na Nyamizi alishaanza kumkaripia.

"Huyo unamkatia," mama alisema taratibu. "Na unamngoja ameze."

Nyamizi akaliangalia bakuli la wali wa mama uliopoa, na kijiko kikubwa kilichosimama katikati yake.