Anwani Moja kwa Dakika Kumi

Mkaguzi wa tovuti alibandika neno moja dogo mwishoni mwa jina lake la kuingilia, akabonyeza, kisha akaikalia mikono yake ili isiguse kitu.

Kwa siku tatu alikuwa akijifanya abiria aliye nchi za mbali, akiikagua tovuti ya kampuni ya mabasi. Programu yake ilipitia proksi, zile seva za kati zinazoficha ulipo, na kwa kila ukurasa ilibadilisha anwani ya intaneti. Kila alipofika kwenye malipo, kiti alichochagua kilipotea.

"Tovuti yangu haina shida," mwenye mabasi alimjibu kwa simu. "Ni wewe unayebadilikabadilika."

Mdogo wake mkaguzi, aliyekuwa akipiga pasi pembeni, alimuunga mkono mzee huyo. "Unabisha hodi kila mara na sura mpya, dada. Nani atakufungulia?"

Ndiyo maana ya lile neno dogo kwenye jina la kuingilia proksi. Lingeishikilia anwani ileile kwa dakika kumi.

Ukurasa wa kwanza, anwani iliishia na 41. Akachagua kiti cha dirishani. Wa pili, 41. Akajaza jina na simu. Wa tatu, bado 41. Pasi ilisimama hewani.

Ukurasa wa malipo ukafunguka. 41. Kiti hakipo.

Mkaguzi akaipiga meza kwa furaha, chai ikamwagika.

"Kimepotea tena. Sasa unachekelea nini?" mdogo wake aliuliza.

"Sura ni ileile, na bado kimepotea. Si mimi," alisema, huku akitafuta namba ya mwenye mabasi.

Mdogo wake akachomoa pasi ukutani. "Weka spika nisikie."