Maji Mepesi Hutangulia

Munyoki aliyamimina maji ya mvua kwenye karai, akalianika juani nyuma ya nyumba yake ya Kaloleni. Siku ya tatu, yalipopungua, aliyarudisha chupani hadi shingoni, akakaza kifuniko na kukizungushia utepe. Kwa macho tu, hakuna ambaye angejua.

Kazi ya kukinga maji ya mvua alipewa kwa simu na bintiye Kavinya, anayepima maji kwenye maabara Nairobi.

"Ikinyesha, jaza, funga papo hapo, utume na basi," alimwambia. "Ukiacha wazi, Baba, maji mepesi hutangulia kuruka, mazito hubaki. Mashine itadhani umeyachota bwawani."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi waliyokuwa wameambiana kwa miaka miwili. Waligombana siku ya mazishi ya mama yake, wote vichwa vigumu, na hakuna aliyetaka kutangulia kuomba msamaha.

Mwezi wa nne Munyoki alisahau chupa moja wazi kutwa nzima, akaituma hivyo hivyo. Kavinya akapiga simu: maji yameharibika, itabidi aje mwenyewe akague. Alikuja, akalala siku mbili. Alipoondoka, mzee alikaa mezani na sahani moja, akalia. Kuanzia hapo karai likapata kazi.

Leo Kavinya alikuwa amekuja mara ya tatu. Alizigeuza chupa mkononi mara moja, akazirudisha.

"Hayo majibu ya mashine yako wapi niyaone?" Munyoki aliuliza.

"Nimeyasahau ofisini." Akasogelea jiko. "Huo ni muthokoi? Nipakulie basi, njaa inaniuma."

Munyoki alimpakulia sahani ya mahindi na maharagwe. Akisema ukweli, kazi itapewa mtu mwingine, na binti hatakuwa na sababu ya kukanyaga hapa tena. Lakini kumsumbua mtoto safari yote hiyo kwa uongo kulimshinda.

"Kavinya, hayo maji nayaharibu mimi. Nayaanika makusudi. Nilitaka tu uje."

Kavinya aliweka kijiko chini. 

"Baba," alisema, "mashine yetu iliharibika mwezi wa tatu. Chupa zako zote ziko kabatini. Sijafungua hata moja."