Dirisha Jeusi

Salha alirudi ofisini akakuta dirisha jeusi limefungwa tena kwenye kompyuta, na damu ikamchemka. Mtambo mzima wa kupokea malalamiko ya maji katika mji ule ulitegemea amri moja aliyokuwa akiiandika kila asubuhi kwenye dirisha hilo. Likifungwa, mtambo unazimika, na watu wanabaki kubonyeza simu zao bure. Ndiyo maana alibandika karatasi juu ya skrini, kwa herufi kubwa: USIFUNGE!

“Bwana Msellem, jamani!” alimgeukia meneja wake. “Nimesema mpaka mate yamenikauka. Ukitaka kuchapa barua, liache hilo, fungua jingine. Ona sasa, tangu asubuhi hatujapokea hata lalamiko moja!”

“Hata moja,” meneja aliitikia taratibu, akinyoosha tai yake. “Ndivyo nilivyomwambia mgeni.”

Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa wazi. Mkaguzi kutoka makao makuu alikuwa akichovya andazi kwenye chai, uso umemkunjuka kwa furaha.

“Akiondoka, mwanangu, uwashe,” meneja alinong’ona. “Sikukatazi.”

Salha alivuta kiti akaketi. Aliiandika amri yote, kisha kidole chake kikabaki kinaning’inia juu ya kitufe cha mwisho. Nje, getini, ndoo tupu zilianza kutuliwa chini, moja baada ya nyingine.

“Kelele gani hizo?” mkaguzi aliuliza huku akitafuna.

Meneja alimtazama Salha. Salha alikitazama kidole chake.