Kemia ya Mama

Siku hizi somo halifundishwi. Huhamishwa kutoka kichwa cha mzazi hadi cha mwanawe, na anayelitoa habaki nalo. Zawena alisomea uhandisi wa umeme, lakini chuo kilishikilia kwamba kila mhandisi sharti awe na Kemia. Mama yake, mtengeneza sabuni, akampa ya kwake.

Likizo ilipofika, Zawena alimkuta mama bafuni akimimina dawa ya choo kwenye ndoo ya jiki. Harufu ilimkaba koo. Akamshika mkono, akamvuta hadi nje kwenye ngazi.

“We mtoto, una wazimu? Nimechanganya ili vigae ving'ae!”

“Mama, hiyo ni sumu! Wewe ndiye uliyekuwa ukitukataza.”

“Mimi?” Mama akakohoa, kisha akacheka. “Basi Kemia imekukaa, mhandisi wangu. Mwakani wanataka somo gani? Sema tu, nikupe.”

Mwakani walitaka Fizikia, na bila hiyo hakuna shahada. Zawena aliziangalia zile ngazi, ambazo mama alizipanda kila siku na ndoo ya maji kichwani, bila kuyumba.

“Hawataki kitu, Mama,” alisema. “Nimeshamaliza.”