Kidirisha cha Kila Asubuhi

Kasha la kompyuta lilirudi tena, begani kwa mlinzi wa chuo cha ushonaji, na fundi alipoliona tu akashika kichwa.

"Lina nini safari hii?"

"Lilelile," mlinzi akasema, akilitua mezani. "Ukiwasha tu, kidirisha hicho. Mkuu anasema utengeneze kweli, usipake rangi."

Usipake rangi! Yeye, ambaye mtaa mzima ulimwita Daktari, na jina lenyewe hakujipa. Mara ya kwanza kasha lile lilipoletwa, alikiona kidirisha kwa macho yake: "Imeshindwa kusasisha. Jaribu tena?" Ugonjwa wa kawaida wa mashine kongwe. Programu ya kusasisha inaamka kila asubuhi, inapiga hodi kwa kampuni iliyokwisha kuisahau, haifunguliwi mlango, inarudi kulalamika. Akaing'oa na mizizi yake. Akawasha, akazima, akawasha tena. Kimya. Akalirudisha kasha chuoni akijua kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Tangu hapo kasha lilikwenda na kurudi kama kesi ya mirathi. Likiwa kwake, kwenye skrini yake bapa, mashine iliamka safi. Likifika chuoni, kidirisha kipo. Alisaka virusi, hakuna. Alihifadhi mafaili pembeni, akafuta kila kitu, akaanza upya kabisa. Na leo hili hapa, limerudi. Alilitazama akahisi uchovu wa mtu anayechota maji kwa pakacha. Hakuwa na ujanja mwingine. Wateja nao walishaanza kunong'ona kwamba siku hizi Daktari mwenyewe mgonjwa.

Jioni shemeji yake alipita nyumbani. Alikuwa mdogo wa mkewe, na ndiye mpiga chapa wa chuo. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha yeye na wanawe tangu mumewe alipomwacha. Alivutiwa kiti, hakukaa.

"Shem, nisaidie. Mkuu anasema ni mimi. Eti wewe unatengeneza, mimi naharibu. Atanifukuza."

"Kwani unabonyeza nini huko?"

"Sibonyezi kitu! Mkuu alishasema toka zamani, usichokielewa usikiguse. Miaka yote kidirisha kinakaa palepale katikati, asubuhi hadi jioni, mimi najibana pembeni yake nachapa barua zangu. Nikiguse nina wazimu?"

"Na siku hizi kikoje?"

"Kipo. Ila kama kimefifia. Nikifungua barua, nakiona kwa nyuma."

"Kwa nyuma!" Fundi akacheka bila furaha. "Shem, kidirisha si mwizi kikajifiche nyuma ya barua."

"Basi njoo ukione."

"Nikaone nini, na kasha zima ninalo mimi? Ugonjwa umo ndani ya kasha."

Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, akadakia: "Mtu anakuita ukaone, wewe unabishana naye. Si uende tu?"

Angekwenda, Mungu shahidi. Lakini asubuhi foleni dukani ilikuwa hadi mlangoni, na kabla hajakaa vizuri simu ikalia. Alikuwa mkuu wa chuo, mama mkavu wa maneno.

"Fundi, nataka jibu moja. Kasha likitoka kwako ni zima au bovu?"

Wateja walikuwa wanamtazama. Kusema hajui ni kujichimbia kaburi. Na kusema kweli, kwake lilikuwa zima, alilijaribu hata alfajiri ile.

"Ni zima, mkuu."

"Likifika huku linakuwa bovu. Maana yake nini?"

Alitafuta sababu nyingine, yoyote ile, asiipate.

"Maana yake... labda kuna anayeligusa."

"Ahsante. Nilikuwa nangoja kauli ya mtaalamu. Lilete mwenyewe, umuunganishie mpiga chapa mpya."

Alimkuta shemeji yake kwenye benchi nje ya ofisi, mkoba mapajani, macho yamevimba.

"Nimeulizwa, shem," fundi akasema. "Sikukutaja jina."

"Tuko wangapi humu tunaokaa na hiyo kompyuta?"

Fundi akampita kichwa chini, amekumbatia kasha, roho inamuuma kama aliyekanyaga mtoto. Alijiambia atamtafutia kazi kwingine, atazungumza na huyu na yule. Alijua pia kwamba huyu na yule wangeuliza kwanza kwa nini alifukuzwa.

Ndani kulikuwa na giza la mapazia mazito. Mkuu akayavuta yote kwa hasira.

"Yule mama alikuwa anayafunga kutwa nzima, eti mwanga unaingia kwenye skrini. Nani ajue alichokuwa anafanya gizani? Haya fundi, tuonyeshe mashine isiyo na kidirisha."

Jua la asubuhi likamwagika mezani. Skrini ilikuwa moja ya zile za kale, zenye kisogo kirefu, imefunikwa kitambaa kilichodariziwa na wanafunzi. Mpiga chapa mpya akakivuta, akainama, macho yake kwenye kioo.

"Mbona kimeshakuja?" akauliza.

Fundi akasogea. Katikati ya kioo, kijivu kwenye weusi, pembe zake zote nne timamu: "Imeshindwa kusasisha. Jaribu tena?" Akayapitishia kidole maneno yale, hayakutoka; kwa miaka yote ya kukaa palepale yalikuwa yamejichoma ndani ya kioo chenyewe. Kasha lilikuwa bado kifuani kwake, na waya wa skrini ulikuwa umelala sakafuni, haujachomekwa popote.