Picha Moja Iliyobaki

Mjukuu wangu aliniita darasani kwao, kidole chake kikiwa tayari juu ya kitufe. Setilaiti ndogo waliyoiunda wanafunzi ilikuwa inapita juu yetu, na betri ilibakiza nguvu ya picha moja tu.

"Babu mzururaji, wewe umetembea kote. Niielekeze wapi kamera?"

Picha zote za familia yetu zilipigwa nikiwa safarini. Hata za harusi ya mama yake, simo.

"Hapa hapa," nikasema.

"Hutaonekana, Babu! Shule nzima itakuwa nukta."

"Najua. Wewe piga."

Akacheka, akaizungusha kamera kulia ili igeuke kushoto, maana waliifunga kichwa chini. "Sekunde kumi!"

Nikakimbilia uani na goti langu bovu, nikavua kofia, nikainua uso.