Njia Iko Muzuri

"Mama Mwaba, njia yetu iko namna gani?" mkuu wa chama akamwuliza mama aliyeketi mbele ya meza yake, mtu wa redio akisogeza maikrofoni. Halafu akanong'ona: "Sema tu iko muzuri."

Muzuri! Basi la abiria halijaonekana tangu mvua zianze. Mama katoka mtaa wa Bel-Air kwa miguu, na goti lake bovu, na kiatu kimoja kimemezwa na shimo lile lile ambalo wazee walilifukia Jumamosi kwenye salongo, kazi ya umma ya lazima, huku wakiimbishwa.

"Citoyen, shika hii," akasema, akimpa mkuu fimbo yake ya kutembelea.

Pale pale kitini akauinua mguu mtupu kwa mikono miwili, tope hadi kifundoni, akautua mezani, katikati ya kitambaa cha kijani cha chama.

"Sasa weye, sema mu redio bile unaona."